Ukuta Tuliojenga Korongoni

Siku ile panga lilipotoka kisimani likiwa jekundu, tulikuwa watu watano. Mama mkwe wangu alikuwepo, maana kisima kilikuwa chake. Mimi nilikuwepo, mke wa mwanawe mkubwa. Mwanawe mdogo, shemeji yangu, aliyekuwa ameandikwa kazi kule mgodini, alikuwepo kwa sababu ilikuwa Jumapili. Mkewe alikuwepo, yule ambaye tulipika jiko moja na kugombana jiko moja. Wa tano alikuwa mwenyekiti wa mwethya wetu, kile kikundi cha akina mama cha kusaidiana kazi za shamba na za maji. Alikuwa binamu wa marehemu baba mkwe, kwa hivyo sote tulimwita shangazi. Mume wangu hakuwepo. Alikuwa Nairobi, kazi ya reli, na nyumbani alikuja Krismasi.

Majina yao yote ninayo, hata ya mbuzi ninayo. Lakini watoto wao wako hai na sikuwaomba ruhusa, basi nitawataja kwa udugu tu. Kuandika nilijifunzia ngumbaru, nikiwa tayari mama wa watoto, kwa hivyo ninaandika vile ninavyosema.

Kwetu ni chini ya Zombe, Kitui, kule ambako mto ni mchanga mtupu karibu mwaka mzima. Mgeni akiuona anasema huu umekufa. Lakini maji yako chini ya mchanga, yanatembea polepole, na mwanamke anayejua mahali pa kuchimba hakosi. Mama mkwe alijua. Alichimba kisima chake akiwa bibi arusi, mahali ambapo mwamba umekunjika chini na maji yanasimama kidogo kabla ya kuendelea. Kila mvua mto ulipokuja ulikifukia, na kila mto ulipokauka alikichimba tena pale pale, bila alama yoyote. Alikizungushia miiba ya mgunga na kuacha mlango wa kupita mtu mmoja.

Alikuwa na sheria zake. Viatu unavua nje ya miiba. Sufuria yenye masizi haiingii, unachota kwa kibuyu tu. Harufu ya sabuni isisikike karibu. Wa kufua aende chini kabisa ya mto. Na asubuhi, anayefika kwanza anayakomba maji yaliyolala, anayamwaga nje, halafu anangoja mapya yatoke mchangani. Nilipoolewa, mume wangu akiwa bado nyumbani, nilichoka kungoja. Siku moja nikachota yale yaliyolala, nikafikiri hajaniona.

"Hayo mpelekee mbuzi," akaniambia nikiwa tayari nimejitwika mtungi kwa ukanda wa kichwani. "Mwanangu hanywi maji yaliyolala."

"Mama, ni maji tu."

"Basi kunywa wewe. Yeye umletee mengine."

Nikarudi. Hivyo ndivyo alivyokuwa. Baba mkwe alizikwa juu ya kingo za mto ule, na watoto wake wawili waliokufa wadogo, na yeye alisema mahali pake ni pale katikati yao. Kisima ndicho kilichotuweka pale. Majirani waliokuwa mbali na maji walikuwa wameanza kuhamia Makueni, upande wa chini, kutafuta mashamba. Sisi tulibaki kwa sababu ya maji ya mwanamke mmoja.

Mgodi ulikuja miaka kadhaa baada ya Uhuru. Kampuni yenyewe haikuwa kubwa. Walikuwa watu wa nje na lori zao, wakakodi kile kilima chenye mawe ya kijani nyuma yetu. Walisema ni shaba. Walivunja mawe, wakayalundika, wakayamwagia maji yenye dawa kali, asidi kama ile ya betri ya gari, na yale maji yakashuka bluu. Shimo la kuyaweka walilichimba kwenye udongo hivi hivi, kama mtu anayechimba shimo la takataka. Hatukuona ubaya. Vijana wetu walipata kazi. Shemeji alinunua baiskeli na kofia, na mkewe akaanza kunyoosha shingo sokoni.

Mvua ya kwanza kubwa, shimo lilifurika. Maji yalishuka kwa korongo linaloingia mtoni juu kidogo ya kisima chetu. Mto wenyewe ulikuwa umejaa, ukayabeba yote ukaenda nayo. Ulipokauka tukaona mawe ya korongoni yana ukoko wa kijani, na mbuzi wawili wa shangazi waliokuwa wamekunywa kwenye kidimbwi pale wakafa wakiwa wamevimba.

Mama mkwe alikaa na ule ukoko mkononi siku nzima, akiukwangua kwa kucha. Jioni shemeji alipofika na baiskeli yake, hakumngoja hata ashuke.

"Hiki ni nini?"

"Ni uchafu wa kazini, mama. Huo si wa kushika."

"Si wa kushika, na mnauleta mtoni."

"Mimi sileti kitu. Mimi ninaponda mawe." Akaegemeza baiskeli. "Mama, nimekwambia tuhame. Makueni kuna udongo mzuri. Wenzetu wameenda, wanavuna. Hapa tunalinda nini?"

"Tunalinda baba yako."

"Baba hanywi maji."

Mkewe alicheka. Mama mkwe hakukasirika. Alisema neno ambalo sisi sote tulilishika kama kiapo, kwa sababu alilisema kwa upole. "Kisima changu kikiharibika, nitapanda lori nije na wewe Makueni. Kikiwa kizima, usiniambie tena habari ya kuhama."

Shemeji akakubali. Kwa hivyo kutoka siku ile mama mkwe hakuwa analinda maji tu. Alikuwa analinda mahali pa kuzikwa.

Kesho yake tulienda mgodini, yeye, shangazi na mimi. Msimamizi alikuwa mtu wa heshima, ninasema ukweli, hakutufukuza. Alituletea viti nje ya ofisi ya mabati. Shangazi, ambaye hakuwa na adabu ya viti, alibaki amesimama.

"Shimo lenu limejaa," akasema.

"Tunachimba lingine, mama."

"Na hilo nalo likijaa?"

Msimamizi akakuna kichwa. "Mnataka nini?"

Sasa hapa ndipo ninataka msomaji aelewe sisi ni watu wa namna gani. Wakamba wa mitoni tunajua kujenga ukuta. Mwethya unakusanyika, tunachimba mpaka mwamba, tunapanga mawe kukatiza mto kutoka ukingo hadi ukingo. Mvua ikija inaleta mchanga, mchanga unakaa nyuma ya ukuta, na ndani ya mchanga maji yanakaa. Tulikuwa tumejenga mmoja kama huo huko juu miaka michache kabla ya hapo, na visima vyote vya chini vikapanda. Tuliimba. Hatukuuliza maji yamepitia wapi hata yakafika chini ya ukuta. Tulijua tu kwamba ukuta ni kitu kizuri, na maji yanautii.

Basi shangazi akasema, "Tupe simiti. Tutaziba korongo sisi wenyewe. Uchafu wenu hautafika mtoni."

Msimamizi alifurahi. Nadhani alifurahi kwa sababu tulimwomba kitu alichokuwa nacho. Simiti ilikuja kwa lori siku ile ile.

Tulijenga kiangazi chote. Asubuhi shamba, mchana korongoni. Wengine walibeba mawe, wengine mchanga, wazee walikaa kivulini wakituambia jiwe limekaa vibaya. Shangazi aliimbisha, sisi tukaitikia, na katika kila wimbo aliweka jina la mwanamke mvivu wa siku hiyo, kwa hivyo hakuna aliyetaka kukaa chini. Mke wa shemeji aliwekwa mara nyingi.

"Shangazi, ninyonyeshe mtoto?"

"Mnyonyeshe ukibeba. Mdomo wake hauzuii miguu yako."

Mama mkwe alikuwa mzee kwa mawe, lakini ndiye aliyeshuka kwenye mtaro kuangalia mwamba. Aligonga kwa kichwa cha nyundo kutoka upande mmoja mpaka mwingine, akisikiliza. Pale palipokuwa na mwanya alijaza simiti kwa mkono wake mwenyewe. Ukuta ulipokwisha ulikuwa mzuri kuliko ule wa mtoni. Mchungaji alikuja akauombea.

Mvua iliyofuata, shimo la mgodi likafurika tena. Tulikimbia kwenda kuona. Maji yalishuka yenye rangi ile, yakaufikia ukuta, yakasimama. Hakuna hata tone lililopita juu. Watu walipiga vigelegele pale korongoni. Mama mkwe alisimama mbele ya mwanawe, akamwambia tu, "Umeona." Naye akavua kofia yake ya kazi kidogo, hivi, kama anayesalimia.

Yale maji yalikaa nyuma ya ukuta kwa majuma, halafu yakaanza kupungua. Tulisema ni jua. Kila shimo lilipofurika yalikuja tena, yakasimama, yakapungua. Mahali pakabaki pakavu, pana ukoko.

Na kiangazi kile, kisima cha mama mkwe kikapanda. Hiki ndicho kitu ambacho mpaka leo kinanikaa kooni. Miaka yote ilikuwa lazima uiname mpaka kiuno kikuume ndipo ufikie maji. Mwaka ule ulipiga magoti tu ukachota. Majirani walikuja kuomba, naye hakumnyima mtu. Alisimama kanisani siku ya ushuhuda, mtu ambaye hakupenda kusimama mbele ya watu, akasema Mungu amelipa kazi ya mikono ya akina mama. Tukasema amina. Nilisema kwa sauti.

Halafu chai ikaanza kukatika. Ukimimina maziwa, yanaganda vipande vipande, na chai yenyewe inakuwa nyeusi. Mara ya kwanza ilikuwa zamu yangu ya kupika.

"Mama," mke wa shemeji akaniambia, mbele ya wageni, "sufuria huoshwa ndani pia. Si nje tu."

"Niliosha."

"Kwa macho?"

Kesho yake ikawa zamu yake, na yake ikakatika vile vile. Nilikaa nikimtazama anavyokoroga. Nilifurahi, ningedanganya nikikataa. Maharagwe nayo yalikataa kuiva, tunachochea kuni mpaka zinaisha na bado yanagonga sufuria kama kokoto. Watoto wakaanza kutapika asubuhi. Tulisema ni minyoo. Mbuzi walianza kutoa mimba. Tulisema ni nyasi. Mama mkwe aliyaonja maji kila siku akisema yana ladha ya kijiko, kisha anasema labda ni meno yake.

Sasa ile Jumapili. Jumamosi mama mkwe alikuwa amekata mizizi iliyotokea ukutani mwa kisima kwa panga kuukuu, na giza lilipoanza akaliacha limechomekwa ndani ya maji. Kutoka kanisani tulipitia pale sote, yeye akitaka kulichukua. Akavua viatu, akaingia ndani ya miiba, akalivuta. Sehemu iliyokuwa juu ya maji ilikuwa ya kutu kama siku zote. Sehemu iliyokuwa ndani ilikuwa nyekundu, laini, yenye kung'aa, rangi ya ile senti kumi ya zamani yenye tundu. Shangazi alifikiri ni damu.

"Umejikata?"

"Sijajikata."

Shemeji alilichukua. Alilisugua kwa kidole gumba. Mkewe akamgusa bega.

"Hii ni shaba," akasema. "Kule kazini ndivyo tunavyofanya. Tunatupa vyuma vibovu kwenye yale maji ya bluu, misumari, springi za lori, na chuma kinavaa rangi hii. Ndivyo wanavyoitoa ndani ya maji."

Mama mkwe alikuwa bado ndani ya miiba, miguu yake mitupu kwenye mchanga wenye maji. "Kwa hivyo kisima changu ni mgodi."

"Basi tulipwe," mke wa shemeji akasema. Alitaka kutuchekesha. Hakuna aliyecheka, hata yeye.

Shemeji hakumkumbusha mama yake lile neno la Makueni. Ninamheshimu kwa hilo. Alilifunga panga kwa shati lake, akaliweka chini.

Afisa wa maji alikuja kutoka Kitui mjini baada ya naibu wa chifu kumwita mara nyingi. Alijaza chupa kutoka kisimani na kutoka nyuma ya ukuta, akatembea korongo lote, akapiga goti akachimba kwa fimbo. Kisha akaketi na sisi juu ya ukuta wetu.

"Ukuta huu nani alijenga?"

"Sisi," shangazi akasema. Alikuwa bado anajivuna kidogo.

"Mmejenga vizuri. Ndiyo shida yenyewe." Alituuliza ule ukuta wa mtoni ulipojengwa visima vya chini vilifanya nini. Tukamwambia vilipanda. "Kwa sababu maji yakisimama yanazama. Yanazama yanaingia chini, yanatembea, yanatokea kwenu. Na haya pia mliyasimamisha. Zamani yalipita juu na mafuriko yakaenda. Sasa mmeyapa muda wa kuzama."

Mama mkwe akasema, "Mimi niligonga mwamba wote. Niliziba kila mwanya."

"Chini ya ukuta, ndiyo. Lakini nyuma yake, mama, mwamba umepasuka kote. Usingeweza kuziba kilima."

Alituambia ile ingepaswa kuwa kazi ya mgodi, tena kabla ya tone la kwanza kumwagwa: shimo kukandikwa udongo wa mfinyanzi mzito na kutandikwa plastiki nene, mifereji ya kuzuia maji ya mvua yasiingie, na visima vidogo vya kuchunguza kati ya mgodi na mto, ili mtu apime kila mara na kujua mapema. Aliyasema polepole, tukamwelewa sote. Shangazi akauliza sasa ifanywe nini.

"Sasa msinywe."

"Hilo tumesikia. Lingine?"

Hakuwa na lingine la haraka. Alisema tusibomoe ukuta, kwa sababu tope lote la nyuma yake litaingia mtoni na kuua visima vya watu wa chini pia. Na ukuta ukikaa, maji mabaya yataendelea kuzama kila mvua. Alitazama chini aliposema hayo. Aliahidi kuandikia wakubwa, na ninaamini aliandika. Muda si muda akahamishwa.

Mgodi wenyewe nao ukafungwa. Walisema bei ya shaba imeanguka huko inakouzwa. Waliondoka na mashine, wakaacha mashimo, malundo ya mawe, na mapipa ya dawa yenye kutu. Msimamizi alipita nyumbani kuaga. Alimpa mama mkwe mkono na mama mkwe akaupokea.

Mwethya ulijaribu. Tulibeba udongo wa kichuguu, ule tunaokandika sakafu, tukaenda kukandika ukingo wa shimo lao. Lakini tope lilikuwa tayari ndani, na huwezi kukandika chini ya kitu ambacho huwezi kukiondoa. Kisha njaa ikaja, akina mama wakaanza kutembea mchana kutwa kutafuta maji na chakula, na watu wa mwethya wakapungua mpaka ikabaki shangazi na sisi wa nyumba moja.

Mama mkwe hakuacha. Kila asubuhi alienda kisimani, akavua viatu, akayakomba maji yaliyolala, akayamwaga, akangoja mapya. Aliamini, au alitaka kuamini, kwamba akiyakomba vya kutosha yale mabaya yataisha. Alichomeka msumari ndani na kuuvuta kila baada ya juma. Mimi nilienda naye kumshika mkono, maana macho yake yalikuwa yamepungua.

"Niangalizie," ananiambia, ananipa msumari.

"Bado, mama."

"Mwekundu sana?"

"Kama juzi."

Alikwenda hivyo mvua nyingi. Siku moja hakunipa msumari. Aliuvuta, akaupapasa kwa kidole gumba kama mwanawe alivyolipapasa lile panga, akautupa nje ya miiba. Akavaa viatu akiwa bado ndani. Hapo ndipo nilipojua amekiacha.

Lori la shemeji lilikuja msimu uleule. Alipanda mwenyewe bila kushikwa, kwa sababu alikuwa ametoa neno. Makueni tulipata shamba, na maembe, na bomba la maji baadaye. Kila mtu aliyetoka kwetu aliulizwa na yeye swali moja, "Kisima kikoje?" na kila mmoja alijibu vile alivyoona adabu. Alifia huko Makueni miaka ya themanini. Barabara ilikuwa imekatika kwa mvua na hatukuweza kumrudisha. Tulimzika kwenye udongo mwekundu ambao hakuujua, na mto karibu hakuna.

Shangazi amekufa, na shemeji pia. Mkewe yu hai, anasahau mimi ni nani lakini anakumbuka chai. Mimi ninaishi Malili kwa binti yangu, ninafungua mfereji wa bomba na bado ninamwaga maji ya kwanza, anakasirika kwamba ninapoteza maji.

Kama wewe ulikuwepo, au mama yako alikuwepo, na nimekosea mahali, nisahihishe. Labda mbuzi wa shangazi waliokufa walikuwa watatu. Labda mchungaji aliuombea ukuta baada ya mvua, si kabla. Labda mtu alituonya tukiwa bado tunajenga na sisi tukaimba juu ya sauti yake. Kama ni hivyo ningetaka kujua ni nani. Na kama unapita huko chini ya Zombe, tafadhali chomeka msumari pale mwamba ulipokunjika, uniambie umetoka rangi gani. Nikisema bado ni mwekundu na wewe umeona mweusi wa chuma kitupu, nitafurahi sana kuwa nimekosea.